Sauti ya Bi Mize

Nyinyi vijana wa vichekesho vya simu mlinijia wiki iliyopita hapa Wete, watatu, mkakaa barazani kwa adabu mkaniuliza: "Mzee Hamadi, siri ya kuchekesha ni ipi?" Nikawapa kahawa, nikawadanganya. Nilisema siri ni kujituma. Mmoja wenu alikuwa amenielekezea simu usoni, na mimi nikielekezewa kitu usoni hutoa maneno ya hotuba. Mlipoondoka nikajiona mjinga. Basi naandika, nanyi mtasoma mkipata nafasi baina ya video na video.

Miaka thelathini na kitu nimechekesha watu wa kisiwa hiki, kutoka Mkoani mpaka Konde, na karibu yote nilikuwa na mwenzangu Faki, Mola amrehemu. Yeye alikuwa mrefu, mwembamba, na uso wa mtu aliyesahau alichotumwa sokoni. Mimi mfupi, na tumbo hili mnaloliona, ila wakati ule lilikuwa bado changa. Hatukuwa na studio wala ofisi. Tulikuwa na gari na kahawa, basi.

Gari ilikuwa ya mjomba wake Faki, aliyewahi kufanya teksi Chake. Ilikuwa gari ndogo ya zamani, rangi ya maziwa, gia zake kwenye usukani, na kiti cha mbele kimoja kirefu kama benchi la skuli, hata Faki akikata kona mimi nateleza mpaka begani kwake. Tuliiita Bi Harusi, kwa sababu haikukubali kutoka mpaka isukumwe na watu wanne.

Kazi yetu yote ilifanyika ndani ya gari ile. Faki anaendesha, mimi nasema upuuzi. Nikisema jambo linalofaa kupelekwa kwa watu, Faki hubonyeza honi mara moja. Akisema yeye, mimi hunyoosha mkono nikabonyeza. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yetu, na sheria ina upande wa pili: lisilopigiwa honi ni la garini, linabaki garini. Watu wa njiani walidhani tunawasalimia. Mpaka leo nikipita Mtambwe wapo wazee wanaonipungia mkono, wananiambia Faki alikuwa na adabu sana, hampiti mtu bila ya kumpigia honi.

Sasa kahawa. Mkifika mahali msiende moja kwa moja jukwaani. Tulikuwa tukifika baada ya adhuhuri, tunaiacha gari mbali, tunakwenda pale wanapokaa wanywa kahawa na tunakaa kimya. Sikiliza wanalalamikia nini: mfereji hautoi maji, kocha kampanga mpwawe, mbuzi wa fulani kaingia kondeni. Kisha mtupie neno moja muuza kahawa. Msimjaribu mwengine. Muuza kahawa kasikia kila mzaha wa mji ule tangu asubuhi na hacheki kwa heshima. Akiendelea kugongesha vikombe vyake, neno lako bado bichi. Vikombe vikinyamaza, unayo kazi jioni ile.

Na kahawa iwe chungu, msile halua kabla ya kazi. Niliwahi kula halua ya Wete nusu kifungu, tena ya moto, nikapanda jukwaani koo limegandana. Nilikuwa nicheze mwalimu mkali wa chuo cha Kurani. Sauti iliyotoka ni ya paka aliyefungiwa kabatini. Watu walicheka sana, lakini si pale tulipotaka wacheke, na Faki hakunisemesha mpaka Chake.

Jambo jengine hamtalijua kwa simu. Kwetu wanawake hukaa upande wao na wanaume wao. Wanaume hawacheki mpaka wamuone mzee wao mmoja kacheka, wanangojana. Wanawake hawamngoji mtu. Basi mtazame upande wa wanawake, vicheko vyao vikivuma wanaume hushindwa kujizuia. Nyinyi mnanionesha kwenye simu watu elfu wamecheka. Naamini. Lakini hamkuwahi kusikia uwanja mzima ukianza upande mmoja na kumalizikia upande wa pili, na mimi nikiukumbuka mchana huku nimekaa peke yangu hapa barazani, moyo unaniuma hasa.

Mchezo wetu mkubwa ulikuwa wa mtu anayekwenda Hijja. Mnajua mtu akitaka kusafiri kwenda Makka hupita kwa majirani kutaka radhi. Mimi nilikuwa msafiri, Faki jirani.

"Jirani, naondoka, niwie radhi."

"Nimekuwia, nenda salama."

"Hata yule kuku?"

"Kuku gani?"

Basi hapo ndipo shughuli inapoanza. Kila radhi ninayotaka inafichua kosa ambalo jirani hakuwa akilijua: kuku, jembe, mpaka wa shamba uliosogea, barua ya posa niliyoichana njiani. Faki alikuwa na namna mia za kusema "Kuku gani?" Alisema kwa upole, kwa hasira, kwa kulia, mara moja aliisema kwa kufumba macho tu bila ya kufungua mdomo, na watu wakaisikia.

Chokocho, kwa wavuvi, nikaona niongeze. Nikasema, "Niwie radhi na lile dema nililolifungua nikatoa samaki." Akainuka bwana mmoja nyuma, mabega kama mlango. "Kumbe n'weye!" Dema lake la kutegea lilikuwa limefunguliwa kweli wiki ile. Nikasema, "Bwana, huu ni mchezo," naye akasema, "Na samaki wangu walikuwa mchezo?" Akaja na ndugu zake watatu. Tukakimbia na kanzu zetu za kuigizia mpaka kwenye gari, tukajifungia, Faki akazungusha ufunguo, na Bi Harusi akakataa. Wale mabwana wanne wakasimama wakituangalia kwenye vioo. Faki akateremsha kioo kidogo akasema kwa sauti ya jirani wa mchezoni, "Yakhe, kabla hamjatupiga, tusukumeni." Walicheka mpaka wakakaa chini. Kisha wakatusukuma. Yule bwana wa dema ndiye aliyesukuma kwa nguvu kuliko wote.

Naandika haya nacheka peke yangu, na kila nikicheka najua nimekaribia pale nisipotaka kufika. Lakini ndiyo niliyokusudia kuwaambia.

Faki alikuwa na mama, Bi Mize, aliyekuwa akikaa Shumba Viamboni kwa binti yake, Bi Time, dada mkubwa wa Faki. Nilikula wali wa Bi Mize miaka mingi, na nilikuwa naiweza sauti yake, nyembamba mwanzoni na inavunjika mwishoni, nikimwigiza mbele yake mwenyewe naye anacheka na kunirushia kipande cha nazi. Alipokuwa mtu mzima sana akili zikaanza kumtoka. Siku moja tunarudi kutoka Konde, Faki akaniambia, huku anatazama njia: "Mama hanijui tena, yakhe. Aniita Shaame."

Shaame alikuwa kaka yao, alikufa kijana kwa homa.

"Wamjibuje?" nikamuuliza.

"Namjibu. Nafanya sauti ya Shaame. Kila wiki nikenda, niko Shaame, nala wali, naondoka. Naigiza bure kwetu." Akatabasamu kidogo. Wala yeye wala mimi hakuna aliyegusa honi.

Baada ya miezi michache, Idd pili, tulikuwa na kazi Konde, kiwanja cha skuli, baada ya alasiri. Watu walikuja kutoka kila upande, Shumba zote mbili, Micheweni, Tumbe. Tukaanza mchezo wa Hijja, na pale ndipo tulipojua kuwa umechakaa. Kabla Faki hajafungua mdomo uwanja mzima ukasema, "Kuku gani?" Tukaruka kwenye jembe, wakalitaja jembe. Barua, wakaitaja. Walikuwa wanaujua wote kwa moyo, na wakishamaliza kusema wao hawachekeshwi tena na sisi. Kikaingia kimya. Nyinyi mkifeli mnafuta video. Sisi kimya kilikuwa kinatutazama kwa macho mia tano.

Nikababaika. Nikafanya kosa ambalo mchekeshaji tu ndiye anayeweza kulifanya, kwa sababu mtu mwengine hana cha kunyakua. Nikatia mkono mkobani mwa mavazi yetu ya kuigizia, nikatoa kanga, nikajifunika, nikapinda mgongo, na ikanitoka sauti ya Bi Mize:

"Shaame! Shaame, mwanangu, mbona wachelewa? Wali ushapoa!"

Wanawake wa Shumba waliipata mara moja. Kicheko kilipanda kama moto kwenye makuti. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikaendelea: nikamwita mbuzi Shaame, nikamwita mwalimu mkuu Shaame, nikalia kwamba Shaame kanenepa. Kisha nikamgeukia Faki. Alikuwa amesimama mikono chini. Muda ule najua sasa alikuwa na njia mbili, kuniacha nife mbele za watu au kuingia. Akaingia. Akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia jukwaani, nzito, ya kijana:

"Nishakuja, mama."

Uwanja ulianguka. Hatukuwahi kuchekwa vile na hatukuchekwa tena. Katikati ya vile vicheko nilimuona mwanamke mmoja upande wa wanawake akiinuka, akajiweka sawa buibui lake, akaondoka. Nikadhani ana mtoto wa kunyonyesha.

Njia nzima mpaka Wete Faki hakusimama kunywa kahawa. Alinifikisha mlangoni kwangu, akazima gari, jambo ambalo hatukuwa tukilifanya kwa kuogopa kuiwasha tena, akaniuliza:

"Hamadi, honi kapiga nani?"

Nikateremka, nikamsukuma peke yangu mpaka gari ikawaka. Ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kupanda gari ile.

Faki akaacha kuchekesha, akafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli. Hatukugombana, na lililoniumiza zaidi ni hilo. Tulikuwa tukikutana barazani, ananipa mkono, ananipa kikombe, ananiuliza watoto. Kiti cha mbele hakunipa tena. Nikijaribu kuigiza na wengine wawili watatu, nilikuwa nikisema neno langu kisha nageuka kumtazama mtu ambaye hayupo. Miaka michache nami nikaacha.

Mtaniuliza, kwani ilikuwa vigumu gani kumtaka radhi? Nilimtaka. Mara ya kwanza, mbele ya wanywa kahawa, nikamwambia, "Faki, niwie radhi." Akaniangalia kwa ule uso wake, akasema, "Kuku gani?" Baraza nzima ikaanguka kwa kicheko. Nikacheka na mimi. Mara ya pili nilimfuata kibandani kwake. Akaniambia, "Umeiweza sauti ya mtu anayetubu, zamani ulikuwa ukiizidisha." Hapo nikafahamu nilichojifanyia. Neno la radhi nimelichezea kila kijiji cha Pemba, miaka yote ile, mpaka limechakaa kinywani mwangu. Sikuwa na jengine la kutumia badala yake.

Gari yenyewe, ikiwa mnataka kujua, mnaijua. Watoto wa Faki waliiuza Chake, ikapakwa rangi upya, ikatiwa injini nyengine, sasa inakodishwa kwa maharusi. Nyinyi wenyewe mmepigia picha pale. Mwezi uliopita ilinipita hapa Bopwe, mtaani kwetu, imefungwa maua, dereva kijana kavaa miwani, ikapiga honi mara moja. Nilisimama njiani mpaka ikapotea. Mwanamke mmoja akaniuliza kama nimempoteza mtu.

Faki alipougua mara ya mwisho nilikwenda kwake asubuhi moja, tukawa wawili tu. Nikamwambia kwa maneno mengine, nikayakwepa yale ya mchezoni: "Faki, siku ya Konde nilikuvunja." Safari hii hakufanya mzaha.

"Miye nshakusamehe siku ile ile," akasema. "Wewe wanifuata miye kwa kuwa miye ndiye mwenzako wa jukwaani. Lakini mwenye kidonda yuko Shumba, na kule tangu Konde hujenda hata siku moja."

"Bi Time?"

"Miye n'kenda mara moja kwa wiki, n'kaigiza, n'karudi. Time ndiye aliyekuwa akimwosha, akimlisha, naye mama hamjui, hamtaji. Siku ile alikuwapo Konde. Kisha akenda kuteka maji, watoto wamfuata nyuma: Shaame, Shaame, mbona wachelewa." Akapumzika kidogo. "N'liacha kazi kwa ajili yake, si kwa kukukasirikia weye. Nikichekesha tena, n'ngemtazamaje?"

Miaka yote ile nimekuwa nikitaka radhi kwa mtu siye. Nilidhani jambo ni baina ya wachekeshaji wawili, kwa sababu sikuwahi kumfikiria mtu aliyekaa pale uwanjani akiwa hacheki.

Faki alifariki wiki ile ile. Mazikoni, walioniona walibana midomo wasicheke. Sikuwalaumu, uso huu niliwazoesha mwenyewe. Bi Time alikuwa ndani na wanawake, nami sikuthubutu hata kupeleka salamu. Nilingoja mpaka zikapita siku arubaini, kisha nikapanda pikipiki ya abiria mpaka Shumba Viamboni, na uzee huu, nimemshika dereva kiunoni kama mtoto.

Nilipiga hodi. Alikuwa ukumbini anasuka ukili wa mkeka, mwanamke mtu mzima sana sasa, mkavu, macho makali. Akanitazama. Kisiwa hiki kizima sijapata kumuona mtu akinitazama hivyo, bila ya hata dalili ya kicheko.

"Shikamoo, Bi Time."

"Marahaba. Karibu. N'shakujua, kaa."

Nikakaa chini kwenye mkeka. Nikamwambia: "Siku ile ya Konde nilimchezea mama yako mbele ya watu. Nilifanya vibaya. Sikuja kukuchekesha."

"Hujapata kunichekesha," akasema. Aliendelea kusuka. "Wajukuu zangu hawakumuwahi mama na akili zake. Vitukuu ndo kabisa. Wote wamjua vile ulivyomfanya weye. Nikiwaambia alikuwa hodari, akipanda juu ya mikarafuu kuliko wanaume, waniona naongopa."

Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikiacha kimya kikae.

Baadaye akauliza, "Ile sauti waiweza bado?"

Nikadhani ananisuta. "Bi Time, sitaifanya tena, wallahi."

"Sijakwambia usiifanye. Nakuuliza waiweza?" Akauweka ukili chini. "Picha yake n'nayo. Sauti sina. Faki hakuiweza, ilimtoka ya Shaame tu. Wazee waliomjua washakufa. Aliyebaki nayo ni weye."

"Niseme nini?"

"Miaka minne ya mwisho hakunita jina langu. Nami n'ko mbele yake usiku na mchana." Akageuza uso ukutani. "Nite."

Vijana, nimesimama mbele ya watu wengi, lakini pale sikuwa na kanga, sikuwa na jukwaa, koo langu limezeeka. Nikafumba macho, nikamtafuta Bi Mize wa zamani, yule wa kurusha vipande vya nazi.

"Time," nikasema. "Time, mwanangu. Ushakula?"

Akajibu, si kwa sauti ya bibi kizee, kwa sauti ndogo ya mtoto wa kike.

"Nishakula, mama." Na kabla sijafungua macho akaongeza, "Mama, ile siku n'lokukemea ulipomwaga uji. Niwie radhi."

Nilijua si haki yangu kujibu. Radhi ya mama haina wakala, na shehe yeyote angenikataza. Lakini alikuwa anangoja, na neno lile nililolichakaza mimi lilikuwa bado zima kinywani mwake. Nikasema, kwa sauti ya mama yake, nyembamba, mpaka ikavunjika pale ilipokuwa ikivunjika:

"Nimekuwia, mwanangu. Yote."

Alilia, nami nikamwacha alie. Hakuna aliyeingia. Kisha akajifuta kwa ncha ya kanga, akauchukua ukili wake, akasuka urefu wa vidole viwili vitatu, na bila ya kunitazama akasema:

"Na weye, Hamadi, nimekuwia."